Kufyeka si Kusafiri: Mchezo Uliovaa Jina la Mwenzake



Wanazuoni wa usuli wana kanuni kwamba hukumu juu ya jambo ni tawi la kulifahamu jambo lenyewe. Kanuni hii imesahauliwa mno katika kadhia ya michezo ya video. Wapo miongoni mwetu wanaoilaani yote kwa kauli moja ilhali hawajaketi kuutazama hata mmoja. Na wapo wanaoipitisha yote kwa kauli nyepesi zaidi: "Huo ni mchezo tu." Makundi haya mawili yanazozana, lakini yamekubaliana katika jambo moja, nalo ni kukataa kutazama.

Matokeo yake ni nini? Mtoto anayeujua mchezo wake, akimsikia mzazi anauhukumu kwa kubahatisha, humwona mzazi huyo hajui asemalo. Kisha hamsikilizi hata pale anaposema kweli. Basi hebu tuchukue mfano mmoja tu, tuuchambue kwa insafu: mchezo wa Hyrule Warriors, tawi lililochipuzwa kutoka katika mfululizo mashuhuri wa The Legend of Zelda.

ASILI YA JINA

Zelda ya kwanza ilitoka Japani Februari 1986, ikatolewa na kampuni ya Nintendo chini ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Miyamoto ameeleza kwamba alitaka kumpa mchezaji ladha ya utoto wake mwenyewe huko Sonobe, karibu na Kyoto, alipokuwa akizunguka mashambani na vilimani, akaona pango na kuthubutu kuingia.

Ni kweli kwamba shujaa wa kisa hicho, aitwaye Link, ana upanga na anapigana. Lakini upanga ni sehemu tu ya safari. Sehemu kubwa ni maswali: mlango huu hufunguliwaje? Chombo hiki kina kazi gani? Njia iko wapi? Mchezaji akikwama, hana budi kutulia na kufikiri. Katika Breath of the Wild ya mwaka 2017, mchezaji akikuta kambi ya adui anaweza kuizunguka, kuikimbia, au kuliviringisha jiwe kutoka kilimani. Adui mmoja mwenye nguvu hutosha kumfundisha adabu.

Hilo ndilo jina walilolizoea watu kwa miongo mingi, wakaliamini.

TAWI NA MTI WAKE

Agosti 2014 ukatoka Japani mchezo wa Hyrule Warriors. Waliouunda ni Omega Force na Team Ninja, vikosi viwili vya kampuni ya Koei Tecmo. Omega Force ndio waliojenga Dynasty Warriors, michezo inayotokana na vita vya Falme Tatu za China, ambamo tangu toleo la pili la mwaka 2000 mtu mmoja huingia katikati ya jeshi zima na kulifyeka.

Na hapa pana jambo la kuzingatiwa. Watengenezaji wenyewe walisimulia mwaka 2014 kwamba walianza kwa nia ya kuukaribia mwendo wa Zelda. Miyamoto akalipindua wazo hilo: akataka msingi uwe ufyekaji wa Dynasty Warriors, na wahusika wa Zelda wapandikizwe juu yake. Kwa hiyo asemaye kuwa mchezo huu ni Zelda iliyoongezewa vita, amekosea. Huu ni mchezo wa vita uliovishwa kanzu ya Zelda, na hiyo ndiyo nia iliyokusudiwa.

Tazama uwanjani. Juu ya kioo ipo hesabu ya waliopigwa, nayo hupanda bila kukoma. Kufikisha 1,000 katika pambano moja ni jambo la kawaida. Askari wadogo wa adui wengi wao husimama tu wakingoja kuangushwa, na pigo moja la upanga huwarusha makumi hewani. Hawaogopwi wala hawahesabiwi kuwa hatari. Wamewekwa pale kama nyasi mbele ya fyekeo, na hatari ya kweli huachiwa majemadari wachache.

SHUBHA NA MAJIBU YAKE

Shubha ya kwanza: "Wanaopigwa ni mazimwi, na damu haionekani."

Tunajibu: Ni kweli kwamba damu haionekani, na mazimwi hutoweka kwa moshi. Lakini si wote ni mazimwi. Katika mchezo wa 2014 yapo mapambano ambayo askari wa Hyrule wenyewe huwa maadui, na katika ule wa 2020 kundi la Yiga ni la watu. Upanga haubadiliki, wala hesabu haibadiliki. Zimwi na mtu huingia katika jumla moja. Na kukosekana kwa damu si utetezi kamili. Damu humkumbusha mtazamaji kwamba kuna aliyeumia. Iondoe, kisha weka namba mahali pake, utakuwa umemfundisha mtoto kuona wingi pasipo kumwona yeyote. Sisi hatudai kwamba mtoto huyo atatoka kesho kwenda kuua. Dai hilo ni la kukurupuka. Tunasema kwamba amezoezwa kufurahia lundo, na mazoea yana athari katika moyo.

Shubha ya pili: "Mchezo huu huondoa uchovu, na ndugu wawili huweza kuucheza bega kwa bega."

Tunajibu: Hilo la ndugu wawili ni zuri, nasi hatulikatai. Lakini kupumzika ni jambo moja, na kuacha kufikiri ni jambo jingine. Zelda ya asili nayo humpumzisha mtu huku ikimtaka atumie akili. Hapa mtoto hupewa vitufe viwili vitatu vya kurudiarudia, na ujira wa kila pigo ni pigo kubwa zaidi.

Shubha ya tatu hutoka kwa wenzetu wakali: "Mbona hamsemi kwamba michezo hii iliudhihaki Uislamu?"

Tunajibu kwa uadilifu. Ocarina of Time ya mwaka 1998, katika matoleo yake ya mwanzo, ilikuwa na sauti za kisomo cha Kiislamu ndani ya muziki wa hekalu la moto, na nembo ya Wagerudo, watu wa jangwani, ilifanana na mwezi na nyota. Yote mawili yaliondolewa na wenyewe katika matoleo yaliyofuata. Aliyekosea akarekebisha hasimangwi milele kwa lile lile. Na anayeshughulika na nembo iliyokwisha kufutwa, huku mwanawe ameketi mbele ya hesabu ya maelfu, amelikosa lililo muhimu.

KOSA LILILO KUBWA ZAIDI

Sasa tufike kwenye kiini. Breath of the Wild ilisimama juu ya msiba. Miaka 100 kabla ya kisa kuanza, ufalme ulianguka, mfalme akafa, na mashujaa wanne, Mipha, Daruk, Revali na Urbosa, wakaangamia. Link anaamka katika magofu, naye analazimika kukubali kwamba yaliyopita hayarudi. Uzito wote wa safari yake umo humo.

Septemba 2020 ukatangazwa mchezo wa Hyrule Warriors: Age of Calamity, kwa ahadi ya kusimulia yaliyotokea miaka ile 100 nyuma. Ukatoka Novemba 20, na kabla ya mwezi kwisha nakala zaidi ya milioni 3 zilikuwa zimesambazwa duniani. Wanunuzi walijua mwisho wake ni kushindwa, na walikuwa tayari kuuona.

Wakaona nini? Chombo kidogo kiitwacho Terrako kinarudi nyuma katika wakati, warithi wa mashujaa wanavutwa kutoka siku za mbele, na walioandikiwa kufa wanaokolewa mmoja baada ya mwingine. Msiba unafutwa.

Watasema: hilo ni tawi jingine la wakati, na mtunzi ana haki yake. Naam, anayo. Lakini mzee anayemsimulia mjukuu jinsi jamaa zake walivyoshindwa habadilishi mwisho ili mtoto alale kwa furaha, kwani mafunzo yamo katika mwisho ule ule. Tena tazama jinsi makosa haya mawili yanavyoshikana mkono. Mchezo unaoyafanya mauti ya adui kuwa namba haukuweza kuyabeba mauti ya rafiki, basi ukayafuta. Kifo kimepoteza uzito pande zote mbili.

Insafu inatulazimisha kuongeza kwamba Age of Imprisonment, uliotoka Novemba 2025, ulitangazwa kuwa sehemu ya kisa rasmi cha Tears of the Kingdom ya 2023. Kisa kimeheshimiwa. Ufyekaji umebaki ule ule.

EWE MZAZI

Usinunue kwa jina lililo juu ya kasha. Hata bodi ya Marekani ya kupanga michezo kwa umri iliyatenganisha haya: Breath of the Wild iliwekewa miaka 10 na kuendelea, na Age of Calamity miaka 13 na kuendelea. Ikiwa wageni wametofautisha tawi na mti, sisi tuna udhuru gani?

Keti na mwanao kwa nusu saa, utazame. Kisha muulize: Ni wapi ulipolazimika kufikiri? Umewaangusha wangapi, na unamkumbuka yupi? Ukishindwa, mchezo unakutaka ujifunze, au unakufutia? Msikilize anavyojibu, ndipo uhukumu. Hukumu hiyo ataiheshimu, kwa sababu ameona kwamba umeijua.

Wabillahi tawfiq.