Meli Huzama, Jina Huelea

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'aa gizani. Mimi naongeza kwamba jina jema halizami hata baharini. Mpenzi msomaji, usinicheke bado. Najua utauliza: mtoto wa Nyeri, aliyelelewa kati ya mibuni na michai, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mto Chania wakati wa masika, ana habari gani na meli za kivita? Ninazo, tena si haba. Tulia nikueleze.

Muhula uliopita kulizuka ubishi mkali chamani mwetu. Mwenzetu mmoja alidai kwamba manowari ya Waingereza ya kubeba ndege, HMS Queen Elizabeth, imepewa jina la yule binti aliyepanda juu ya mti pale Treetops, huku kwetu, akiwa binti mfalme na kuteremka akiwa malkia. Tulimpigia makofi hadi madirisha yakatikisika. Nani asiyependa kusikia kwao kukitajwa? Lakini jamani, makofi si ushahidi. Ni kweli kwamba Mfalme George VI alifariki tarehe 6 Februari 1952 bintiye akiwa huku Nyeri. Ni kweli pia kwamba malkia huyo mwenyewe ndiye aliyeipa meli hiyo jina rasmi tarehe 4 Julai 2014 kule Rosyth, Scotland. Kumbe jina lenyewe lilikuwa baharini kabla yeye hajazaliwa! Manowari nyingine iliyoitwa Queen Elizabeth iliteremshwa majini mwaka 1913, ikapigana katika Vita Vikuu vyote viwili. Anayekumbukwa hapo ni Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala Uingereza tangu 1558 hadi 1603. Malkia wetu wa mtini alizaliwa 1926.

Basi maoni yangu ni haya: jina la meli likirudiwa bila historia yake huzaa uongo mtamu, likirudiwa pamoja na historia yake huwa shule.

Sisi watu wa mlimani tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine wote. Kwani kwa desturi ya Wagĩkũyũ, mvulana wa kwanza haitwi kwa jina la baba ya baba yake, na wa pili haitwi kwa jina la baba ya mama yake? Wasichana nao si huwarithi nyanya zao vivyo hivyo? Ndiyo sababu katika ukoo mmoja utakuta Mwangi watano na Wanjirũ wanne, na hakuna anayepotea. Kila mmoja anajua amebeba guka yupi au cũcũ yupi. Mtoto akikosa adabu huulizwa, "Hivi ndivyo alivyokuwa mwenye jina?" Jina ni deni, bwana. Unapewa ukiwa huna meno, unalilipa maisha yako yote.

Wanamaji nao hufanya hivyo hivyo. Chukua meli ya Wajerumani, Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Waingereza, HMS Pegasus, bandarini Unguja. Kisha ikakimbilia delta ya Rufiji, ikafichwa kwenye mikoko, mpaka Waingereza wakaifuata na kuipiga mizinga. Tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake waliizamisha wenyewe. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Ukienda ziara ya shule usiupite bure. Je, jina lilizama Rufiji? La hasha! Mwaka huo huo wa 1915 Wajerumani waliteremsha Königsberg nyingine. Hiyo nayo ilipokwisha kazi yake wakaunda ya tatu, iliyozamishwa na ndege za Waingereza kule Bergen, Norway, mwezi wa Aprili 1940. Meli tatu, jina moja. Sisifu vita vyao, nataja tu jinsi jina linavyotunzwa.

Lakini jina pia laweza kufa huku meli ikiishi. Pale Mathari, hapa Nyeri, kuna kanisa la ukumbusho wa Waitaliano alimozikwa Amedeo, Duke wa Aosta, aliyefariki mwaka 1942 akiwa mfungwa wa vita. Manowari moja ya Italia ilikuwa imebeba jina la baba yake, Emanuele Filiberto. Vita vilipokwisha, Wasovieti waliitwaa kama fidia mwaka 1949 na kuiita Kerch. Chuma ni kile kile, ukoo mwingine.

Sasa turudi nyumbani. Jeshi letu la Majini lilizaliwa rasmi tarehe 12 Desemba 1964. Mwaka 1966 lilipata mashua za doria tatu: Simba, Chui na Ndovu. Mwaka 1974 ikaja Mamba. Mwaka uliofuata wakaja Madaraka, Jamhuri na Harambee. Miaka ya 1980 ikaleta Nyayo na Umoja. Mwaka 1994 Galana na Tana, 1997 Shujaa na Shupavu, na 2012 Jasiri. Yasome majina hayo polepole. Ni historia ya Kenya kwa ufupi: kwanza wanyama wetu, kisha uhuru wetu, kisha siasa zetu, kisha mito yetu, na mwisho tabia tunazozitamani.

Hapo ndipo penye ngoma yangu. Mwaka 2011 Ufaransa ilitupa meli yake ya doria, La Rieuse. Sisi tukaiita Harambee II. Heko kwa aliyefikiri hivyo! Hakusema, "Hilo ni jina kuukuu, tutafute jipya." Alimfufua guka. Naomba wakubwa waendelee na njia hiyo. Simba, Chui na Ndovu za mwanzo zilikwisha kustaafu zamani. Majina yao yasiachwe yaote kutu pamoja na mabati yao. Na kila meli inayorithi jina iwekewe ubao ndani yake: nani alilibeba kwanza, lini, na alifanya nini. Bila ubao huo, ile "II" itakuwa namba tu, kama ya matatu.

Wako watakaonipinga. Watasema ati nchi changa inahitaji majina mapya, na mashujaa ni wengi. Nakubali mashujaa ni wengi. Lakini nchi inayobadilisha majina kila serikali inapobadilika ni kama mtu anayehama kila mwezi: hata barua zake hazimfikii. Wengine watasema haya ni mambo ya watu wa pwani. Hebu waniambie, Tana ni ya nani? Maji ya Chania tunayooshea sahani, na ya Gura inayoteremka kwa kishindo kutoka Nyandarua, pamoja na sehemu ya theluji ya Kĩrĩnyaga, yote huishia Tana. Meli inayoitwa Tana imebeba jina la maji yetu. Mwananchi wa Karatina, Othaya au Nanyuki ana haki nayo kama wa Mtongwe, na kodi yake imo humo pia.

Kwa hivyo, mwenzangu, utakaposikia jina la meli, usikimbilie kupiga makofi. Uliza kwanza swali tunaloulizana huku kwetu tukikutana na mgeni kijana mwenye jina tunalolijua: wewe umeitwa kwa jina la nani?