Biashara ya Programu Rumonge: Majibu kwa Wanaowakatisha Tamaa Vijana

Kijana wa Rumonge anayejifunza kutengeneza programu za kompyuta huanza kupewa nasaha kabla hajauza chochote. Ndugu zake humwambia, waliomtangulia vyuoni Bujumbura humwambia, na wahamasishaji wa kwenye simu nao hawaishi kumwambia. Wengi husema kwa nia njema. Lakini mengi wanayoyasema si kweli, na yanatugharimu vijana ambao pwani hii ya Ziwa Tanganyika inawahitaji sana. Nayajibu hapa yale ninayoyasikia mara kwa mara.

La kwanza ni kwamba Rumonge hakuna soko la programu, kwa hiyo mwenye ujuzi ahamie Bujumbura, au Nairobi akiweza.

Soko la programu liko palipo na hesabu, na Rumonge imejaa hesabu. Hapa ndipo kitovu cha mawese ya Burundi. Hapa panashuka samaki wa ndagala na mukeke, panatengenezwa sabuni, na bidhaa zinavuka ziwa kwenda Congo na Kigoma. Chukua mtumbwi mmoja tu unaovua kwa taa. Asubuhi samaki wakishauzwa, kwanza zinatolewa gharama: mafuta au chaji ya betri, chakula cha wavuvi, matengenezo ya wavu. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi wake. Lakini mvuvi mmoja alishachukua faranga kadhaa katikati ya wiki kwa ajili ya mgonjwa. Mama mmoja alibeba ndagala kwa mkopo hadi arudi sokoni. Mwingine alilipa nusu. Yote hayo yako kwenye daftari moja la shule, kurasa zimeloa, tarakimu zimefutwa na kuandikwa upya pembeni, na anayeweza kulisoma ni mtu mmoja tu. Siku ya kugawana, tarakimu moja isiyosomeka inatosha kumfanya mvuvi hodari ahame mtumbwi.

Programu itakayotunza hesabu hiyo kwenye simu ya kawaida, bila kuhitaji intaneti muda wote, ina mnunuzi. Na Nairobi hakuna atakayeitengeneza vizuri, kwa sababu anayekaa huko hajui kwamba gharama za taa hutolewa kabla ya mgawo wala mkopo wa yule mama unaisha lini. Kijana wa Minago au Kizuka anayajua hayo tangu utotoni.

Umbali nao una faida yake. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kilomita sabini na kitu, lakini kwa uhaba wa mafuta ya magari tuliouona miaka hii, safari hiyo inaweza kula siku nzima. Mfanyabiashara ambaye hesabu zake zimekwama anamtaka mtu atakayefika kwa baiskeli mchana huohuo. Wanaodhani programu hutoka miji mikubwa tu wamwangalie Sridhar Vembu wa India. Kampuni aliyoianzisha pamoja na wenzake mwaka 1996, inayojulikana leo kama Zoho, ilifungua ofisi mwaka 2011 Tenkasi, eneo la mashambani kusini mwa nchi hiyo, ikachukua vijana wa hukohuko na kuwafundisha kazi. Programu zake zinauzwa duniani kote.

La pili ndilo zito zaidi, maana hata vijana wenyewe wameliamini: eti watu wa hapa hawalipii programu.

Wanalipa kila siku. Anayetuma pesa kwa Lumicash, huduma ya pesa kwa simu, analipa ada, na kinachofanya kazi hapo ni programu. Halalamiki, kwa sababu anajua bila hiyo angemtuma mtu na bahasha, na bahasha hupotea. Mtu wa Rumonge analipia hasara iliyoepukwa. Ukimwendea na maneno ya mfumo wa kisasa wa usimamizi, atakupongeza na kukuaga. Mwoneshe kwamba mwezi uliopita bidoni tatu za mawese zilitoka ghalani na malipo yake hayakuandikwa popote, naye atakuuliza bei.

Kosa la wengi liko kwenye namna ya kutoza. Wameiga makampuni ya ng'ambo yanayokata pesa kila tarehe mosi ya mwezi. Ziwa halifuati tarehe mosi. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauwavuti samaki vizuri, na wavuvi wa taa hupumzika hadi giza lirudi. Ukimdai mwenye mtumbwi siku hizo, umemdai wakati mfuko umekauka, halafu unasema watu wa hapa hawalipi. Kuna pia kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazopakana na Tanganyika, ili samaki wazaliane. Biashara ya programu inayowategemea wavuvi peke yao lazima iwe na jibu la miezi kama hiyo. Toza giza linaporudi. Kwa mwenye mashine ya kukamua chikichi, toza kwa msimu. Uwe na wateja wa ziwani na wa michikichi pamoja, ili upande mmoja ukilala mwingine uwe macho.

Wapo pia wateja wasioweza kukwepa kulipa hata wakitaka. OBR, mamlaka ya mapato ya Burundi, inawataka walipa kodi waliosajiliwa kwa TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, watoe ankara kupitia mifumo ya kielektroniki iliyounganishwa na ofisi hiyo. Mwenye duka kubwa au ghala anahitaji mtu wa kumwekea mfumo huo, kumfundisha karani wake, na kurudi unapogoma. Hiyo ni kazi ya mwaka mzima, na inalipwa. Nawashangaa vijana wanaoipita wakitafuta wazo la kuushangaza ulimwengu.

Tatu, husemwa kwamba bila mwekezaji huwezi kuanza. Ni kweli kwamba kompyuta, hata iliyotumika, pamoja na paneli ya sola ni mzigo mkubwa kwa familia nyingi za hapa, na sitaki kuudogosha. Lakini baada ya hapo mtaji bora ni malipo ya mteja, kwa sababu hayana riba na yanakuthibitishia kwamba kitu chako kinatakiwa. Mailchimp, kampuni ya programu ya Marekani, ilianzishwa mwaka 2001 na watu waliokuwa wakitengenezea wafanyabiashara wadogo tovuti kwa malipo. Haikuchukua pesa za wawekezaji, hadi ilipouzwa mwaka 2021 kwa takriban dola bilioni 12. Hapa kwetu ipo BIJE, benki ya vijana iliyoanzishwa mwaka 2020, na upo PAEEJ, mpango wa serikali wa kuwainua vijana kiuchumi na kuwapatia ajira. Waendee ukiwa tayari na wateja wanaolipa. Anayekopa ili akatafute kama wateja wapo anajitia deni kwa swali ambalo angelijibu kwa kutembea sokoni wiki mbili.

Kisha kuna wahamasishaji. Hao hudai kwamba umaskini uko kichwani: badilisha fikra, amka saa kumi alfajiri, amini, na utafanikiwa. Dai hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu linamfanya kijana ajilaumu kwa mambo asiyoyasababisha. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kutoka karibu 2,100 hadi karibu 2,800 kwa dola, na tangu hapo bei ya mtaani imefika zaidi ya mara mbili ya bei rasmi. Mwenye programu anayemtoza mteja kwa faranga huku akilipia seva kwa dola amekuwa akipoteza kila mwezi, hata kama anaamka saa tisa. Imani haishushi bei ya dola. Kinachomsaidia ni kupunguza anachokilipia kwa dola: data ikae kwenye simu na kompyuta ya mteja, nakala ya akiba itunzwe pahali pengine palepale mjini, na kinachopelekwa mtandaoni kiwe kile cha lazima tu. Mkataba useme wazi kwamba bei itaangaliwa upya kila baada ya miezi sita.

Sisemi kwamba fikra si kitu. Zipo zinazohitajika sana: kutenganisha pesa ya biashara na ya mfukoni, kukubali kuambiwa na mama muuza samaki kwamba ulichotengeneza hakifai, kurudi kesho yake kikiwa kimerekebishwa. Hizo hujengwa kwa kazi, na hotuba haizileti.

Kuna wanaoshauri ufiche wazo lako lisiibiwe. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia watu kurejesha mikopo midogo midogo. Waliojaribu wakaanza kuitumia kutumiana pesa, na ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiyo iliyokuwa huduma yenyewe. Waliofichua wazo lao kwa watumiaji ndio waliofundishwa nao. Anayelificha chumbani atafundishwa na nani?

La mwisho ni kwamba mteja akubaliwe kila anachotaka, hasa akiwa ndugu. Wateja kumi wenye programu kumi tofauti ni kazi ya watu kumi, na wewe uko peke yako. Tengeneza moja, ibadilishe kwa yale wengi wanayoyahitaji, mengine yakatae kwa heshima. Baba mdogo naye apewe bei ileile ya wote. Unachoweza kumzidishia ni muda wa kulipa. Atanuna kidogo, lakini programu aliyoilipia ataitumia.

Nina ombi kwa wazee wenye mitumbwi, mashine za mawese na maghala, kuanzia Magara hadi Kigwena. Kijana wa kwenu akija kuwaeleza habari za programu, msimwambie aende Bujumbura. Mpeni daftari lenu la mwaka jana, kaeni naye jioni mbili mumweleze kila ukurasa, na akiwaletea kitu kinachofanya kazi, mlipeni.