Mhakiki Asiye na Upande: Hadithi ya Kubuni kutoka Bonde la Ufa

Katika idara za fasihi lipo sharti moja ambalo mwanafunzi wa uzamili hulikariri kabla hajasoma hata riwaya moja kwa makini: mtafiti asiegemee upande wowote. Sharti hilo hutolewa kwa nia njema na hupokewa kwa unyenyekevu. Zao lake ni tasnifu zilizojaa "imebainika", "imedhihirika" na "yaonekana", vitenzi ambavyo mtendaji wake amefichwa, kana kwamba matini ilijihakiki yenyewe usiku mhakiki akiwa amelala. Kwamba sharti hilo halitekelezeki si hoja nzito. Yako masharti mengi yasiyotekelezeka ambayo yana manufaa. Ubaya wake ni kuwa humfunza mtafiti kuuficha mwegemeo wake mahali pa kuutaja.

Ushahidi hauko mbali. Ukingoni mwa mji wa Nakuru kiko kilima cha Hyrax, ambako Mary Leakey alichimba mabaki ya kale katika miaka ya 1937 na 1938. Hapo, na kwingi katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, yamo mabonde madogo ya mviringo ardhini yaitwayo mashimo ya Wasirikwa. Kwa miaka mingi, wengi walioyaandika waliyachukulia kuwa makao ya watu; yaani, mwenyeji wa kale aliishi shimoni. Mwaka 1973 John Sutton alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na kwamba wenye ng'ombe hao walikaa katika nyumba zilizojengwa ubavuni mwa zizi. Udongo uliosomwa ulikuwa ule ule. Lililotofautiana ni jambo ambalo msomaji wa udongo alikuwa tayari kuliamini kuhusu waliomtangulia hapo.

Mfano wa pili uko mwendo mfupi tu kutoka hapo, Elmenteita. Louis Leakey alipozichambua zana za mawe za Pango la Gamble, alizipa, katika kitabu chake cha mwaka 1931, jina la Aurignacian ya Kenya. Aurignac ni kijiji cha kusini mwa Ufaransa. Zana zilizochongwa chini ya mlima Eburru zikaingia katika elimu ya dunia kwa cheti cha kuzaliwa cha Ulaya, na ilichukua miongo kadhaa kabla wataalamu hawajaziita Eburran. Yafaa ikumbukwe kwamba Leakey hakuwa mgeni asiyejua kitu. Alizaliwa Kabete mwaka 1903, akakua akisema Kikuyu. Ujuzi wake wa lugha haukumvua kiti alichokalia, wala haukumwokoa Kapenguria, alipokuwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta, mawakili wa utetezi wakapinga tafsiri zake hadi akajiondoa. Wao waliliona jambo ambalo madarasa ya nadharia hulikwepa: mkalimani ni shahidi.

Katika fasihi hali ni hiyo hiyo, ila imepambwa zaidi. Mwaka 1935 Elspeth Huxley, ambaye mama yake alikuwa mlowezi wa Njoro, alitoa mijalada miwili juu ya maisha ya Lord Delamere, kwa jina White Man's Country. Yamo majaribio ya ngano ya Njoro, kutu iliyoiangamiza, mifugo iliyokufa, na ukaidi wa bwana mmoja mwenye takriban ekari 100,000. Ni kazi iliyoandikwa kwa ustadi, na asiyekubali hivyo hajaisoma. Lakini nchi hiyo inasimuliwa kutoka barazani mwa nyumba ya mwenye shamba. Wanaolima na kuvuna huonekana kwa mbali, kama sehemu ya mandhari.

Mwaka 1987 Tabitha Kanogo akachapisha Squatters and the Roots of Mau Mau, na mashamba yale yale yakasimuliwa na maskwota: siku za kazi walizodaiwa, mifugo yao iliyopunguzwa kwa amri, Olenguruone na kufukuzwa kwa watu wake mwishoni mwa miaka ya 1940. Wanafunzi wengi huambiwa kwamba kitabu cha pili kilisahihisha cha kwanza, mjadala ukaisha. La hasha! Msomaji Mmaasai ana haki ya kuuliza habari za mkataba wa mwaka 1904, na ni nani aliyelisha ng'ombe hapo kabla ya mlowezi na kabla ya skwota. Kanogo naye ana mahali pake pa kusimama, na amepataja katika jina la kitabu. Hiyo ndiyo fadhila ya kazi yake, wala si upungufu.

Hapana riwaya inayolidhihirisha jambo hili kuliko The In-Between World of Vikram Lall ya M. G. Vassanji, iliyotoka mwaka 2003, ambayo utoto wa msimulizi wake unapita Nakuru wakati wa Hali ya Hatari. Vikram si Mwingereza wala si Mwafrika mweusi. Ni mtoto wa duka la Kihindi, mwenye rafiki kila upande. Kwa mujibu wa sharti la idara, huyu angekuwa shahidi bora kabisa, maana amesimama katikati. Vassanji anaionyesha hiyo katikati kuwa nayo ni upande, tena wenye faida zake na hatia zake. Msimulizi huanza kwa kukiri kwamba anasifika kwa ufisadi uliopindukia. Msomaji akishajua hivyo, anaweza kupima kila neno. Ni tasnifu ngapi zinazomfanyia msomaji wake hisani hiyo?

Atatokea wa kusema kwamba, ikiwa kila mmoja ana mwegemeo, basi hapana ukweli, na kila mtu ashike lake. Hoja hii huvuma kwa sababu ni nyepesi. Mashimo ya Wasirikwa yanaijibu. Dai la makao lilianguka kwa sababu mpangilio wa mabaki uliligomea, na uligoma alipokuja mtu mwenye maswali mengine. Kukiri mwegemeo hakumfungi mdomo mpinzani. Kunamwonyesha pa kuanzia. Sutton mwenyewe aliwahusisha Wasirikwa na mababu wa Wakalenjin, ilhali simulizi za Wamaasai zina lao la kusema juu ya watu hao. Katika bonde ambalo kumtaja aliyetangulia ni kutaja mwenye shamba, na ambako jina lenyewe la Kalenjin lilienea katika miaka ya 1940 tu, hapana mwanaakiolojia anayeweza kuandika "imebainika" akaenda zake kunywa chai.

Jambo hili ni zito kuliko mitihani ya uzamili. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kiliku ilitoa ripoti juu ya machafuko ya Bonde la Ufa mwaka 1992. Tume ya Akiwumi ikateuliwa mwaka 1998. Baada ya damu ya 2007 na 2008 ikaja Tume ya Waki. Kote humo lilitumika neno "mapigano", linalodokeza pande mbili zilizotoka kupambana, hata pale ambapo upande mmoja ulikuwa umelala. Mtafiti anayekwenda Molo au Kuresoi kukusanya masimulizi hutambulishwa na jina lake la ukoo kabla hajawasha kinasa sauti, na kwa jina hilo mzee huamua atasimuliwa kisa kipi. Kisha mtafiti huyo hurudi Njoro, akaandika kwamba data ilikusanywa bila upendeleo.

Aprili 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano iliorodhesha maneno ya chuki. Miongoni mwake yamo "madoadoa" na "kwekwe". Katika kamusi, kwekwe ni magugu. Kwa mkulima wa Mau Narok ni kitu cha kung'olewa kabla mvua hazijakatika. Mwanafunzi aliyelisikia neno hilo katika mahojiano, akaliandika "magugu" katika tanbihi na kuendelea na uchambuzi wa sitiari, atakuwa ametimiza sharti la idara yake barabara. Wasahihishaji wamwulize alikuwa ameketi upande gani wa ua neno hilo lilipotamkwa.