Mnara wa Velasca na hukumu ya wavivu

Ghorofa refu la zege likisimama katikati ya mji wa kale wa Ulaya, hukumu huwa tayari: wasanifu wake walikuwa watu wa kiburi wasiojali historia, na heri livunjwe. Torre Velasca ya Milano, iliyokamilika mwaka 1958, imeibeba sana hukumu hiyo. Gazeti la Uingereza, The Daily Telegraph, liliwahi kuutia mnara huo katika orodha ya majengo yenye sura mbaya kuliko yote duniani.

Ni hukumu ya wavivu.

Mtaa wa kale pale haukuvunjwa ili kuupisha mnara. Uliharibiwa kwa mabomu mwaka 1943, tena yaliyodondoshwa na ndege za Uingereza, jambo ambalo gazeti hilo lingelikumbuka kabla ya kugawa alama. Na waliousanifu ni akina nani? Ni kundi la BBPR. Gian Luigi Banfi alifia katika kambi ya Wanazi ya Gusen mwaka 1945. Mwenzake Belgiojoso alinusurika humo humo. Ernesto Rogers, Myahudi, alikimbilia Uswisi. Mwaka 1946 waliobaki walijenga, katika makaburi makuu ya Milano, mnara wa kumbukumbu ya waliouawa kambini. Kudai kwamba watu hao waliidharau kumbukumbu kunataka uso mkavu.

Umbo lenyewe lina sababu. Kiwanja ni kifinyu, kwa hiyo ofisi zikawekwa chini na nyumba za kuishi, zinazohitaji nafasi zaidi, zikatokeza juu, zikishikiliwa na mihimili ya mshazari, kama ngome za Italia ya kale. Kichekesho ni kwamba mwaka 1959, kwenye mkutano wa wasanifu majengo huko Otterlo, Uholanzi, msanifu wa Uingereza Peter Smithson aliushambulia kwa kosa lililo kinyume kabisa: unaing'ang'ania mno historia!

Wanaoulilia mji usioguswa hulitaja kanisa kuu, Duomo. Ujenzi wake ulianza 1386, uso wake ukakamilishwa enzi za Napoleon, na mlango wake wa mwisho wa shaba ukatiwa mwaka 1965, miaka saba baada ya Velasca.

Ndiyo, ipo minara inayostahili lawama. Montparnasse, wenye mita 210, uliikera Paris hata mwaka 1977 mji ukaweka kikomo cha mita 37 kwa majengo. Lakini hiyo ni kesi ya Montparnasse, na Velasca haikuhusika nayo.