Sande skul ilianza na kusoma, si kupaka rangi

Wasee, mnajua sande skul ilivuma vipi? Ni 1780, mji wa Gloucester, Uingereza. Robert Raikes, mwenye gazeti, aliona watoto wanaofanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, hawajui hata kusoma. Siku yao huru ni Jumapili pekee. Akalipa walimu wawafundishe kusoma Biblia na katekisimu.

Mimi niliacha chuo, lakini kusoma mbele ya watu bila kutetemeka nilijifunzia sande skul. Siku hizi kanisani kwetu watoto wanapewa safina ya Nuhu wapake rangi, bora wasisumbue ibada. Hiyo ni kuwachunga, si kuwafundisha.

Chumba kiko. Biblia ziko. Na sisi vijana tumejaa huku nyumbani bila kazi. Tupeni hao watoto tuwasomeshe. Ama mnangoja nini?