Bima ya Nyumba na Gari Unguja: Madai Saba na Majibu Yake

Anayehamia Unguja kwa kazi, biashara au ndoa hupokewa kwa ukarimu, na hupewa ushauri wa kila aina, wa bima ukiwemo. Kwa bahati mbaya, sehemu kubwa ya ushauri huo wa bima ina makosa, na makosa yenyewe hugundulika paa limeshang'oka. Haya ndiyo madai yanayorudiwa sana. Ninayajibu moja baada ya jingine, kwa sababu familia nyingi hupoteza akiba ya miaka kwa kuyaamini.

“Zanzibar hakuna vimbunga.”

Vipo, ila ni vya nadra. Aprili 15, 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaharibu merikebu za Sultani Barghash bandarini na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya iongoze kwa karafuu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimeanza kupungua nguvu, na hata hivyo safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa. Wala hatari si vimbunga peke yake: Agosti 12, 2020 tetemeko la ardhi lilitokea chini ya bahari kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Na mvua za masika hazingoji kimbunga: wakazi wa Mwanakwerekwe wanajua maji yanavyotuama.

Usingoje msimu ufike. Bima ni ya jambo ambalo bado halijulikani kama litatokea. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikishatoa tahadhari ya dhoruba, kampuni ina haki ya kukataa kukukatia bima mpya.

“Gari langu lina stika, kwa hiyo lina bima.”

Lina bima, lakini ya nani? Bima ndogo, ile ya lazima kisheria, ipo kwa ajili ya watu wengine utakaowadhuru ukiwa barabarani. Gari lako likiangukiwa na mnazi au likizama kwenye maji ya mvua, haikulipi chochote. Bima kubwa hulipa ajali, moto na wizi wa gari lako mwenyewe, lakini mafuriko, dhoruba na tetemeko huenda yakahitaji nyongeza. Uliza kwa majina: “Mafuriko yamo? Dhoruba imo? Tetemeko limo?” Kama unalivusha gari kutoka bara, uliza pia nani anabeba hasara likiwa melini, maana bima ya barabarani haifiki kila mahali.

Jambo jingine ni la kutenda. Maji yakiingia kwenye injini, usiwashe gari. Ukiwasha, injini huvuta maji ndani ya silinda na vyuma hupinda. Hasara ya kukausha na kubadilisha oili hugeuka kuwa hasara ya injini nzima, na kampuni inaweza kusema hiyo ya pili umeisababisha wewe. Piga picha maji yakiwa bado yapo, pigia kampuni simu, kisha tafuta gari la kuvuta.

“Bima ya moto inatosha kwa nyumba.”

Bima ya moto ya kawaida msingi wake ni moto na radi. Dhoruba, mafuriko, tetemeko na bomba kupasuka huongezwa kwa ada ya ziada, au huja ndani ya bima kamili ya makazi. Kisiwani nyongeza hizo ndizo zenye uzito. Kama nyumba au banda la nje limeezekwa kwa makuti, liandike kwenye fomu. Ukilificha, kampuni imepata sababu ya kukataa madai yako yote.

“Andika thamani ndogo, ulipe ada ndogo.”

Huu ndio ushauri unaoumiza zaidi. Tuseme kuijenga upya nyumba yako kunagharimu milioni 100, nawe umeikatia bima ya milioni 50. Dhoruba ikileta hasara ya milioni 20, utafikiri utalipwa milioni 20, kwa kuwa hazizidi 50. Mikataba mingi ina kanuni ya uwiano: umekata bima ya nusu, utalipwa nusu ya hasara, yaani milioni 10, na hapo bado hujatoa kiasi cha mwanzo unachobeba mwenyewe. Kadiria gharama ya kujenga, ukihesabu saruji, mabati na mbao zinazovushwa kutoka bara. Bei ya kiwanja usiiingize.

“Nimepanga, bima ni ya mwenye nyumba.”

Bima yake inalinda jengo lake. Friji, vitanda, kompyuta na nguo ni vyako, na bima ya vitu vya ndani ni rahisi kuliko ya jengo. Vipige picha chumba kwa chumba, tunza risiti, na picha hizo zihifadhi nje ya nyumba hiyo.

“Bima ni haramu.”

Hofu ya riba na kamari ni ya kuheshimiwa, na jibu lake lipo: takaful, ambapo washiriki huchangia mfuko wa kusaidiana na fedha huwekezwa kwa njia za halali. Kenya imekuwa nayo tangu 2011, na Tanzania pia huduma hiyo imeingia. Mkataba wake nao usomwe, kwani una mipaka yake.

“Kampuni hazilipi.”

Zipo zinazochelewesha, na malalamiko mengine ni ya haki. Lakini madai mengi hukwama kwa sababu zinazozuilika. Mkadiriaji akipanda kwenye paa lililong'olewa na upepo, hutazama vichwa vya misumari na mbao chini yake. Hewa ya chumvi hula chuma taratibu. Akikuta misumari imeliwa na kutu na mbao zimeoza, ataandika kwamba paa lilikuwa limechakaa, na uchakavu haulipwi. Basi kagua paa kabla ya masika, badilisha misumari iliyolika, na tunza risiti ya fundi. Ukinyimwa haki, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima hupokea malalamiko, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha bei za kampuni, andika hatari za mahali unapoishi: umbali wa bahari, bonde, aina ya paa, mti ulioegemea ukuta. Mpelekee wakala orodha hiyo, akujibu kwa maandishi ipi inalipwa na ipi hailipwi. Bima ya bei nafuu isiyogusa hatari hizo ni fedha iliyopotea. Iliyo ghali kidogo lakini inazigusa ndiyo ya kukata.