Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Na Mgeni Je?

Kadi ya mwaliko ilitaja saa kumi na mbili jioni. Chakula kiliingia ukumbini saa nne na nusu usiku. Ilikuwa sherehe ya kumuaga bibi harusi mjini Kahama, na mezani petu aliketi mwalimu mstaafu anayeishi na kisukari kwa miaka mingi. Alikuwa ametumia dawa yake jioni ile kwa kuiamini kadi. Mbele yake palipangwa chupa za soda, asizigusa, maji hayakuwapo. Ilipokaribia saa nne alianza kutokwa na jasho, mikono ikamtetemeka, maneno yakampotea. Kijana mmoja akacheka: "Mzee amezidisha." Mzee hakuwa ameonja kilevi. Aliyemwokoa ni muuguzi aliyealikwa kama sisi. Alifungua chupa, akamshika bega, akamwambia, "Baba, kunywa hii sasa hivi."

Soda aliyoikwepa saa moja ikawa tiba yake saa nne. Kamati iliyokusanya michango kwa miezi mitatu, ikajadili rangi ya vitambaa na aina ya muziki, haikuwa imetenga hata dakika moja ya kuuliza: je, miongoni mwa tuliowaalika, yupo asiyeweza kula tunachopika?

Yupo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kwamba takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini walikuwa na kisukari. Kwa uwiano huo, katika ukumbi wa waalikwa 300 unawazungumzia watu wapatao 27, na baadhi yao hawajajua bado. Kwa hiyo tusimwite mgeni huyu "kesi maalumu." Ni meza tatu nzima.

Najua soda ilivyopata cheo chake. Katika vijiji vya Usukuma ilikuwa kinywaji cha mgeni mkubwa: padri, mtendaji, mwalimu mgeni. Mtoto wa nyumbani aliishia kuitazama chupa. Kisha zikaja fedha za dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na miji iliyoizunguka ikafurika wachimbaji, wafanyabiashara na kumbi za sherehe. Aliyeitamani chupa utotoni sasa anaagiza kreti kwa mamia. Simlaumu. Anaitangaza heshima aliyonyimwa. Lakini heshima inayohesabiwa kwa kreti humtazama mwenyeji, wala si mgeni.

Tuihesabu basi heshima hiyo. Soda ya kola ina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 hubeba gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Chupa mbili zimevuka kikomo cha mtu mwenye afya njema. Na anayedhani juisi ya embe au asali ni kimbilio salama la mwenye kisukari anajidanganya: sukari haibadiliki tabia kwa kutoka kwenye tunda au mzinga.

Sisemi kwamba sukari pekee ndiyo chanzo cha kisukari, wala simtaki mtu aondolewe soda yake. Ninachokilaumu ni shuruti. Mshereheshaji humwita baba mkubwa mbele ya ukumbi alishwe keki kwa mkono, kamera zikimulika. Akikataa, amemkataa binti. Jirani humsihi, "Leo ni sherehe, kidogo tu haidhuru." Upande wa pili kuna huruma inayodhalilisha: sahani ya pekee inayotangazwa kuwa "ya mgonjwa," yenye tonge la ugali wa dona na majani yasiyo na chumvi. Mtu amekuja kusherehekea, akageuzwa tangazo la ugonjwa wake. Shuruti na huruma hii zina kosa moja: humwamulia mtu mzima.

Atakacho ni uhuru wa kuchagua, na uhuru huo ni rahisi kuliko fahari yetu. Maji ya kunywa katika kila meza. Chai isiyotiwa sukari, sukari ikiwekwa kando. Soda zisizo na sukari chache. Sato wa kuchoma, kuku wa kienyeji, mchicha, mlenda, kachumbari. Meza zetu hupanga wali, ndizi, chipsi na viazi kwa safu, wanga juu ya wanga, kisha mboga kijiko kimoja pembeni. Kinyume chake ndicho kinachofaa: nusu ya sahani mboga, robo samaki au nyama, robo wali au ugali. Dengu na choroko zinazolimwa katika mbuga za Shinyanga, ambazo hupandisha sukari taratibu kuliko wali mweupe, tunaziuza hadi India, kisha tunaona aibu kuzipakua harusini. Na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma anayekatwa kama keki, tayari tunamjua. Mwenye kulishwa na alishwe nyama.

La mwisho ni saa. Insulini, na vidonge kama glibenklamidi, havisubiri hotuba ziishe. Huendelea kushusha sukari mwilini hata chakula kisipofika, na pombe kwenye tumbo tupu huongeza hatari. Kila ukumbi ujue dalili: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Mtu apewe mara moja nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Akizimia, asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali.

Watumishi wa umma nao wasijifiche nyuma ya harusi. Ni katika semina zetu, hata zile za afya, ambako chai ya saa nne huja ikiwa imeshatiwa sukari jikoni, ikifuatana na andazi na soda. Aliyeandika bajeti hiyo anaweza kuibadilisha kwa mstari mmoja.

Nitaambiwa kwamba mgonjwa ajitunze mwenyewe. Atajitunzaje pale ambapo hakuna cha kuchagua? Nitaambiwa ni gharama. Lakini maji ni nafuu kuliko soda, na kuchelewesha chakula hakujawahi kumwokolea mtu fedha. Wanaharakati wataniambia kwamba mapambano ya kweli ni bei ya dawa na umbali wa kliniki. Nakubali, na hayo tuyadai bila kuchoka. Yanahitaji bajeti na Bunge. Hili linahitaji kamati ya watu kumi na kikao kimoja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu yule sasa hula nyumbani kabla ya kwenda kwenye sherehe, au haendi kabisa. Hutuma mchango wake na kusingizia safari. Tunapokea fedha yake, tunaandika jina lake, na kiti chake kinabaki kitupu. Katika kikao kijacho cha kamati yako, kabla hamjafika kwenye idadi ya kreti, muulizeni yeye.